Habari za Galaksi Zionekanazo Kutoka Uani Kwetu



Usiku wa leo twataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo tumekuwa tukiifanya kwa miaka kadhaa uani kwetu, huko Mbagala katika wilaya ya Temeke, na ambayo kwa muda mrefu iliwafanya jirani zetu watutazame kwa jicho la shaka. Sisi tu watu wanne: mwalimu wa shule ya msingi, fundi seremala, mshona nguo, na kijana mmoja anayejifunza ufundi wa umeme. Usiku usio na mwezi, watu wakiisha kula na milango ikiisha kufungwa, sisi hutoa nje bomba nene lenye urefu upatao kimo cha mtoto wa miaka saba, tukalisimamisha katikati ya ua, tukazima taa zote za nyumba, tukaketi kimya gizani. Mpita njia huona nini? Huona watu wazima wanne wamelizunguka bomba, wananong'ona, na hakuna hata mmoja aliyewasha taa. Haikuwa ajabu, basi, kwamba usiku mmoja vijana wa ulinzi wa mtaa walitujia na marungu na tochi zao, wakatuuliza tunazika nini.

Tukawajibu kwamba hatuziki kitu, twatazama mbinguni. Mkubwa wao hakuridhika. Tukamwomba aweke jicho lake kwenye darubini, nasi tulikuwa tumeielekeza kwenye sayari ya Zohari. Akaiona ile pete yake, akalishika bomba kwa mikono miwili kana kwamba litakimbia, na kwa kulishika hivyo akaisogeza darubini, Zohari ikampotea. Tukamtafutia tena. Tangu usiku ule wakipita mbele ya nyumba yetu huinamisha tochi zao chini, na hiyo ni heshima ambayo hatukuiomba.

Lakini habari ya leo si Zohari. Zohari ni nyota ya wageni. Hung'aa hata juu ya uwanja wa mpira uliowashwa taa, na kila mtu huiona mara ya kwanza akafurahi. Twataka kuwaambieni habari za vitu vilivyo hafifu kupita vyote ambavyo darubini ndogo yaweza kuvionyesha, navyo ni galaksi, na jinsi inavyozidi kuwa taabu kuviona kutoka kandokando ya mji wa Dar es Salaam.

Kwanza, galaksi ni nini? Nyota zote tuzionazo kwa macho matupu, tangu Kilimia hata Suheli, ni za jamaa moja kubwa, nazo zimejipanga mfano wa sahani pana. Sisi na jua letu tumo ndani ya sahani hiyo, wala hatuko katikati yake. Tukiitazama kwa ubavu twaona ule mkanda mweupe upitao mbinguni kama moshi, ambao wakazi wa mashambani wanaufahamu vizuri na watoto wengi wa mjini hawajapata kuuona. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Yaweza kuizunguka dunia mara saba kabla mwenyeji hajamaliza kusema "karibu". Na nuru hiyo, kwa mwendo huo, huhitaji miaka ipatayo 100,000 kuivuka sahani yetu kutoka ukingo mmoja hata wa pili. Hiyo ndiyo galaksi yetu. Nje yake ziko galaksi nyingine zisizo na idadi, na kila moja ni jamaa ya nyota mamilioni, au mabilioni, kwa mamia. Zimekuwa hafifu machoni petu kwa sababu ya umbali tu.

Darubini yetu si kitu cha fahari. Kioo chake cha kukusanya nuru kina upana wa sentimita 15, nacho kilinunuliwa kikuukuu kutoka ng'ambo. Bomba ni la karatasi nzito iliyopakwa rangi. Kiti chake ni sanduku la mbao lizungukalo juu ya ubao wa duara, namna ambayo Bwana John Dobson wa San Francisco aliieneza tangu miaka ya 1960, na fundi seremala wetu alilitengeneza kwa muda wa siku mbili, akalalamika siku zote mbili kwamba mbao za siku hizi hazikaushwi sawasawa. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka hata kufikia milimita 7 hivi. Mkifanya hesabu mtaona ya kuwa kioo cha sentimita 15 hupokea nuru zaidi ya mara 450 kuliko jicho tupu. Adui zake ni umande wa usiku na chumvi ya pwani, kwa hiyo kila tukimaliza twakifunika kioo kwa kanga kuukuu kama mtoto mchanga.

Sasa natuwaeleze jambo moja la mbingu za Dar es Salaam ambalo wengi hawalijui. Mji wetu uko karibu na mstari wa ikweta, digrii saba hivi kusini yake. Watu wa Ulaya hawazioni nyota za kusini kabisa, na watu wa Afrika ya Kusini huzikosa nyingi za kaskazini. Sisi tumepewa pande zote mbili. Na mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, kadiri ya saa tano ya usiku, hutokea kitu cha kupendeza sana: galaksi tatu husimama kwa mstari mmoja kutoka kaskazini hata kusini, kama watu watatu waliopanga safu.

Ya kwanza iko kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hata utosini. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, iliyomo katika kundi la nyota ambalo wanafalaki wa Kiarabu waliliita Mwanamke Mwenye Minyororo. Mtaalamu Mwajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, aliitaja mwaka 964 katika kitabu chake cha nyota, akaiita wingu dogo. Hakuwa na darubini, maana darubini ilikuwa bado kubuniwa kwa zaidi ya miaka 600. Alikuwa na macho tu na giza la kutosha.

Ya pili iko karibu na utosi, imeelekea kusini kidogo. Ni galaksi iliyomo katika kundi la Mchongaji, iliyogunduliwa mwaka 1783 na Bibi Caroline Herschel, mwanamke Mjerumani aliyekaa Uingereza pamoja na kaka yake. Huko Uingereza galaksi hii haipandi juu. Huambaa karibu na ardhi, kupita upana wa ngumi kidogo tu ukinyosha mkono, ndani ya ukungu na miti. Bibi yule aliipata mahali pabaya namna hiyo. Sisi twawekewa karibu na utosi wa kichwa.

Ya tatu iko kusini, chini kidogo, nayo ni Wingu Dogo la Magellan. Ndugu yake, Wingu Kubwa, huinuka baadaye upande wa kusini-mashariki, chini ya nyota Suheli, nyota ile ile ambayo mabaharia wa pwani yetu waliitumia kujua kusini, hata jina lake likawa jina la upande wenyewe. Mawingu haya mawili ni galaksi ndogo zilizo jirani na yetu. Wingu Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na Wingu Dogo 200,000 hivi. Katika Wingu Kubwa, mwezi wa Februari mwaka 1987, nyota moja ililipuka kwa mshindo mkubwa hata ikaonekana kwa macho matupu na watu wa nchi za kusini. Yaani ilikuwa imekwisha kulipuka miaka 160,000 kabla ya hapo, na habari yake ilikuwa ingali njiani.

Wingu Dogo nalo lina sifa yake. Bibi Henrietta Leavitt wa Chuo cha Harvard, Marekani, alizichunguza picha zake zilizopigwa huko Arequipa katika nchi ya Peru, na mwaka 1912 akatangaza kwamba nyota za namna fulani, zinazong'aa na kufifia kwa zamu, zina kanuni: iliyo na zamu ndefu zaidi ndiyo yenye nuru kubwa zaidi. Kwa kanuni hiyo mtu aweza kupima umbali, kama vile baharia ajuavyo nguvu ya taa ya mnara na kwa hiyo hukadiria yuko mbali kiasi gani. Mwaka 1923 Bwana Edwin Hubble akaona nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda, kwa darubini kubwa ya Mlima Wilson, akathibitisha ya kuwa lile wingu dogo la al-Sufi haliko katika galaksi yetu kabisa. Leo twajua liko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Hivyo kipimo kilichukuliwa kutoka wingu la kusini, kikatumika kulipima wingu la kaskazini, na sisi wa Dar es Salaam twaweza kuyaona yote mawili kwa usiku mmoja tukigeuza shingo tu.

Twasema twaweza. Hapo ndipo penye taabu.

Mbagala iko kusini ya mji. Tukitazama kusini, kuelekea Mkuranga, giza lingaliko kiasi. Tukitazama kaskazini, twautazama mji wenyewe: bandari, Kariakoo, maghorofa, na juu yake kuba la nuru lenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ndani ya kuba hilo ndimo Andromeda inamosimama. Tulikuwa na darubini miaka miwili kabla ya kuiona kutoka uani kwetu, na tulipoiona mara ya kwanza hatukuwa na hakika kama tumeiona.

Tunaye rafiki anayekaa Bunju, katika wilaya ya Kinondoni, upande wa pili wa mji, zaidi ya kilomita 40 kutoka kwetu. Hali yake ni kinyume chetu. Kaskazini yake ni njia ya Bagamoyo, na huko Andromeda humtokea bila shida. Lakini kusini kwake ni Tegeta, na Mwenge, na mji wote nyuma yao, na Mawingu ya Magellan yamezama ndani ya nuru hiyo kana kwamba hayakupata kuumbwa. Yeye hajapata kuyaona kutoka uani kwake. Sisi tuna wingu la kusini na yeye ana wingu la kaskazini, na mji umekaa katikati yetu.

Kwa hiyo mwaka mmoja tuliamua kusafiri. Tuliichukua darubini yetu kwa daladala, tukabadili gari njiani, na kondakta akatuuliza kama bomba lile ni la maji taka au ni mzinga. Tukasema ni la kutazamia nyota. Akatutoza nauli ya mtu mmoja zaidi, akasema nyota ni za bure lakini kiti si bure. Usiku ule, Bunju, tuliiona Andromeda sawasawa: kiini chenye nuru, na pande zote mbili za kiini hicho ukungu mrefu uliopita mipaka ya kioo. Kila mmoja alitazama kwa muda wake, na hapana aliyemhimiza mwenzake.

Twapenda kuwaambieni nuru ile ni ya lini. Huko Laetoli, kusini ya bonde la Oldupai, Bibi Mary Leakey na wenzake walizifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano kadiri ya miaka milioni 3.66 iliyopita. Na huko Oldupai kwenyewe, mwaka 1959, bibi huyo huyo aliliona fuvu la Zinjanthropus, ambalo umri wake ni miaka milioni 1.75 hivi. Nuru ya Andromeda iliyoingia machoni mwetu Bunju iliondoka kwao baada ya wale wa Laetoli kupita na kabla ya Zinjanthropus kuzaliwa. Ilikuwa njiani wakati wote ambao watu walikuwa wakijifunza kuwa watu katika nchi yetu hii.

Mtatuuliza: kwa nini hamnunui darubini kubwa zaidi, mkaushinda mwanga wa mji? Swali hili twaulizwa kila mara, nalo ni swali zuri. Jibu lake ni kwamba galaksi si kitone kama nyota. Ni kitu kilichotandazwa. Chukueni tone la maziwa, mlidondoshe juu ya kanga nyeusi. Kila mtu ataliona. Lidondosheni juu ya kanzu nyeupe, nani ataliona? Maziwa hayakupungua hata kidogo. Na darubini ikikuza galaksi, hukuza pia mbingu iliyo nyuma yake. Huikuza kanzu pamoja na tone. Kioo kikubwa husaidia, hatukatai, lakini hakiwezi kuigeuza kanzu ikawa kanga. Mwezi na sayari zina nuru ya kujitetea wenyewe. Galaksi haina mtetezi ila giza.

Na giza lapungua. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541; ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728. Kila nyumba mpya huleta taa yake mlangoni, na si haki kumlaumu mtu kwa kuwasha taa. Taa za siku hizi, zile nyeupe zenye ubuluu, hutumia umeme kidogo, na kwa sababu hiyo watu huziacha zikawaka usiku kucha. Tena nuru yenye ubuluu hutawanyika hewani kupita nuru ya manjano; ndiyo sababu ile ile inayoifanya mbingu ya mchana iwe ya buluu. Mambo haya hayakuanza kwetu. Ule Mlima Wilson, alikofanyia kazi Bwana Hubble, uko juu ya mji wa Los Angeles, na mji ulipokua taa zake ziliuharibu usiku wa mlima, hata wataalamu wakahamishia kazi ya galaksi hafifu mahali pengine penye giza. Wao walikuwa na mahali pa kuhamia. Fundi seremala wetu ana kiwanja kimoja tu, na watoto watano.

Hapa hatuna budi kuungama jambo la aibu. Mtakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2023. Wafanyabiashara walipata hasara, samaki waliharibika, wanafunzi walisoma kwa mishumaa, na mshona nguo wetu alikaa mbele ya cherehani yake ya umeme akiwa hana kazi. Usiku mmoja katika siku hizo umeme ulikatika Mbagala na sehemu nyingine nyingi za mji kwa mara moja. Tulitoka uani bila darubini, kupunga hewa tu. Yule kijana akainua macho, akasema, "Jamani." Ule mkanda mweupe ulikuwa umelala juu ya Mbagala, kutoka paa hata paa. Na kaskazini, mahali ambapo kila siku huwa na kuba la nuru, Andromeda ilionekana kwa macho matupu, wingu dogo, kama al-Sufi alivyosema. Tulikaa hata umeme ukarudi, na uliporudi mtaa wote ulipiga kelele za furaha, nasi tulinyamaza. Mshona nguo alikuwa wa kwanza kuinuka kwenda kwenye cherehani yake. Hatumwombi mtu ye yote apende mgao. Twasema tu kilichotokea.

Basi tukaanza kufikiri: je, hapana njia ya kuwa na umeme na mbingu pamoja? Na mwalimu wa kutufundisha alikuwa karibu, maana ni jirani yetu wa upande wa kaskazini, mama mtu mzima apikaye chapati na maharage ya kuuza. Wezi walikuwa wameingia jikoni kwake, wakachukua mtungi wa gesi na sufuria mbili. Baada ya hapo akaweka juu ya ukuta wake taa nyeupe yenye nguvu, ikamulika ua wake, na ua wetu, na mwembe wa jirani wa tatu, na sehemu kubwa ya mbingu. Tulikwenda kumwona siku ya Ijumaa alasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Tukaketi, tukanywa chai, tukaeleza haja yetu kwa adabu tuliyoweza. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ninyi mwataka kuona nyota. Mimi nataka kumwona mwizi. Nani mwenye haja kubwa?"

Hatukuwa na jibu, kwa kuwa alikuwa na haki. Tukaaga, tukarudi nyumbani, na siku nyingi zikapita. Hata usiku mmoja yule kijana, aliyekuwa amesimama nje ya lango la mama, akagundua jambo. Taa ilimpiga machoni hata asiweze kuona kitu chini ya ukuta. Mtu aliyechutama pale angefichika kabisa. Taa ilikuwa ikiwasaidia wezi kuliko mwenyewe. Asubuhi tukarudi kwa mama, tukamwomba ruhusa tujaribu kitu kwa usiku mmoja tu, na kama hakitampendeza tutakiondoa kwa mikono yetu wenyewe.

Tulikwenda kwa fundi bati, Rangi Tatu, tukamwagiza atukatie debe la mafuta ya kupikia, alifanye mfano wa kofia, na ndani alipake rangi nyeupe. Kijana akapanda ngazi, akaifunika taa kwa juu na kwa mbele, nuru yote ikamwagika chini, mlangoni na jikoni na mguuni mwa ukuta. Mama akasimama langoni akitazama. Alitembea hata kona ya ua, akarudi. Akamwita mjukuu wake, akamwambia akachutame chini ya ukuta. Akamwona mara moja, mpaka vidole vya miguu. Akasema, "Sasa hii ndiyo taa," kana kwamba ile ya kwanza tulimwekea sisi.

Usiku ule alikuja kwetu kwa mara ya kwanza, amejifunga kanga mbili kwa sababu ya baridi ya umande. Tulimwambia awe na subira, maana macho huhitaji nusu saa gizani kabla hayajapata nguvu yake yote, na tochi yetu tumeifunga kitambaa chekundu ili isiyaharibu. Akasubiri. Andromeda haikuonekana, kuba la mji halifunikwi kwa debe moja. Tukaielekeza darubini karibu na utosi, kwenye galaksi ya Bibi Herschel. Tukamfundisha asiikodolee macho bali atazame kandokando yake kidogo, kwa pembe ya jicho, kwa kuwa jicho huona vitu hafifu vizuri zaidi kwa pembeni kuliko kwa katikati.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Ile kama alama ya kidole kwenye kioo?"

Tukasema ndiyo yenyewe.

"Hivyo tu?"

Tukasema hivyo tu. Hatukutaka kumdanganya. Picha zipigwazo na mitambo mikubwa zina rangi na mikono iliyopindana, na watu wengi wakizoea hizo huja kwenye darubini wakasikitika. Tukamwambia ya kuwa ile alama ni jua mabilioni kwa mabilioni, na nuru yake ilitoka huko kadiri ya miaka milioni 11 iliyopita.

Akaondoa jicho, akaitazama taa yake juu ya ukuta iliyovaa debe, akarudi kwenye darubini. "Milioni kumi na moja," akasema, "halafu ifike hapa ikute taa yangu." Akatazama tena, kwa pembe ya jicho kama tulivyomfundisha, na safari hii hakuuliza kitu.

Siku ya tatu yake alituuliza bei ya kofia ya bati, maana binti yake akaaye Chamazi naye ana taa ya namna ile ile. Tangu hapo fundi wa Rangi Tatu ametengeneza nyingine tatu. Ya mwisho ilikuwa ya yule mkubwa wa ulinzi wa mtaa. Twamwomba mwenye taa nyeupe ukutani, awe wa Mbagala au Bunju au Kigamboni au Chanika, ajaribu kwa usiku mmoja tu: asimame nje ya lango lake mwenyewe, atazame kama aweza kumwona mtoto aliyechutama chini ya ukuta.

Na mwenye kutaka kuzitazama zile galaksi tatu zilizojipanga, atafute usiku usio na mwezi mwishoni mwa Oktoba, kabla mawingu ya vuli hayajaziba, saa tano ya usiku. Darubini ya mikono ya macho mawili, ile ya kutazamia ndege, yatosha kwa kuanzia. Wa Temeke waanze na kusini. Wa Kinondoni waanze na kaskazini. Rafiki yetu wa Bunju atakuja kwetu mwaka huu kuliona Wingu Dogo kwa mara ya kwanza, na tumekwisha kumwonya juu ya nauli ya bomba.

Kwa herini.